Kihariri kipi kinamfaa anayeanza kuandika programu za tarakilishi?

MWANAGENZI anayeamua kujifunza kuandika programu za tarakilishi hukumbana na swali la kwanza kabla hata hajaandika mstari mmoja: aandikie wapi?

Swali hilo laonekana dogo. Hata hivyo, ukimhoji mtu aliyeanza kujifunza kisha akaacha baada ya majuma mawili au matatu, si ajabu ukagundua kwamba hakushindwa na hesabu wala mantiki. Alishindwa na zana. Faili ilikataa kufunguka, kipakatalishi kilikwama, na bando la intaneti likaishia katika kupakua kitu ambacho hakukihitaji.

Suala lenyewe sasa linawagusa watu wengi kuliko zamani. Mwaka wa 2022, Taasisi ya Kukuza Mitaala Nchini (KICD) iliidhinisha mtaala wa kuandika programu ulioandaliwa na kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za sekondari. Wazazi na walimu ambao wenyewe hawakuwahi kuandika programu hata moja hujikuta wakiulizwa na watoto ni kitu gani kiwekwe katika tarakilishi ya nyumbani au ya shule.

Wauzaji wa kozi za mitandaoni huwa na jibu moja kwa kila mtu: weka hiki, kinatumiwa na wataalamu. Jibu hilo halitoshi. Kihariri kinachomfaa anayeanza ni kile ambacho mashine yake inakimudu, na ambacho hakimfichi yanayotendeka. Mengine yote yaweza kusubiri mwaka mmoja.

Vitu vitatu visichanganywe

Programu yoyote, kabla haijaendeshwa, ni maandishi tu. Hayo ndiyo huitwa msimbo. Kihariri ni chombo cha kuandikia na kurekebishia maandishi hayo, kwa hivyo kazi yake haitofautiani sana na ya kalamu na daftari.

Kitu cha pili ni lugha yenyewe, tuseme Python, ambayo nayo huwekwa katika tarakilishi kama programu inayosoma msimbo na kuutekeleza. Kitu cha tatu ni dirisha la amri, lile jeusi ambalo filamu hupenda kulionyesha, ambamo mtu huandika jina la faili na kuiagiza iendeshwe.

Mwanagenzi asipoelezwa tofauti hii, hupakua kihariri maarufu, akaandika mistari mitatu, akabofya kitufe cha kuendesha, akaambiwa Python haipatikani. Hapo huamini kwamba ameharibu kitu. Hajaharibu lolote. Amenunua daftari, sasa anashangaa mbona halijui kusoma.

Mchanganyiko huu una asili yake. Mwaka wa 1983 kampuni ya Borland ya Marekani ilitoa Turbo Pascal kwa bei ya dola 49.95, na humo kihariri na programu ya kugeuza msimbo viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Ukikosea, kishale kilikupeleka moja kwa moja palipo na kosa. Kabla ya hapo, watu wengi walikuwa wakitoka katika programu moja na kuingia nyingine kila walipotaka kujaribu kazi yao.

Kutoka hapo ndipo yalipokua mazingira kamili ya uundaji programu tunayoyajua leo, kama vile Visual Studio, Eclipse, IntelliJ IDEA, PyCharm na Android Studio. Ni zana zenye uwezo mkubwa, lakini pia zina vitufe vingi mno na uzito usiobebeka na kila mashine. Anayetaka kuunda programu za simu za Android hana budi siku moja kukutana na Android Studio, ambayo waundaji wake, Google, huitakia tarakilishi yenye kumbukumbu ya angalau gigabaiti 8. Siku hiyo si leo.

Mitego ya Word na Notepad

Jaribio la kwanza la wengi ni kutumia kile kilichomo tayari ndani ya mashine. Baadhi hufungua Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo waliyofundishwa shuleni.

Word haihifadhi maandishi matupu. Pamoja na maneno huhifadhi aina ya herufi, ukubwa wake, pambizo na mambo mengine chungu nzima ambayo lugha ya programu haiwezi kuyasoma. Hata ukiilazimisha kuhifadhi maandishi matupu, ina mazoea ya kuzibadilisha alama za kunukuu zilizonyooka ziwe zile zilizopinda. Katika barua, hilo ni pambo. Kwa Python ni kosa, nayo programu hugoma palepale.

Mwanafunzi huutazama mstari wake, akaulinganisha na ule wa kitabu, asione tofauti. Tatizo hilohilo huwapata wanaonakili mifano kutoka kwa maelezo ya mwalimu yaliyoandaliwa katika Word kisha yakasambazwa kwa simu. Walimu wangewaokoa wanafunzi saa nyingi iwapo wangewatumia faili za maandishi matupu.

Notepad, ambayo imekuwamo katika Windows tangu toleo lake la kwanza la 1985, ni afadhali. Huhifadhi maandishi matupu bila mapambo. Lakini nayo ina mtego wake, na wengi wamenaswa humo.

Ukihifadhi faili na kuipa jina hesabu.py bila kubadilisha aina ya faili katika kisanduku cha kuhifadhia, Notepad huongeza .txt mwishoni, jina likawa hesabu.py.txt. Windows nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, huzificha herufi hizo za mwisho. Mwenye faili huona hesabu.py pekee, akaiagiza Python iendeshe faili hiyo, akajibiwa kwamba haipo. Anaiona kwa macho yake, anaambiwa haipo!

Dawa ni mbili. Unapohifadhi, chagua aina zote za faili katika kisanduku hicho. Aidha, katika mipangilio ya kuonyesha folda za Windows, iamuru ionyeshe majina kamili ya faili. Hatua hii ya pili yafaa kuchukuliwa na kila anayejifunza, hata kama hatatumia Notepad kamwe.

Kuna jambo jingine ambalo Notepad haisaidii, nalo ni nafasi za mwanzo wa mistari. Katika lugha nyingi nafasi hizo ni za unadhifu tu, lakini katika Python zina maana: ndizo zinazoonyesha ni mistari ipi iliyo chini ya sharti fulani na ni ipi iliyo nje yake. Mwongozo wa uandishi wa Python unapendekeza nafasi nne kwa kila hatua. Mtu akiandika mstari mmoja kwa kitufe cha Tab na unaofuata kwa kubofya kitufe cha nafasi, huweza kuona mistari miwili iliyolingana sawasawa, ilhali Python 3 huikataa faili hiyo.

Kihariri kizuri hulimaliza jambo hili bila kelele, kwani huweza kuwekwa ili kila ukibonyeza Tab kiandike nafasi nne, na huanza mstari mpya pale pale ulipoanzia uliotangulia. Zaidi ya hayo hupaka msimbo rangi, maneno ya lugha yakawa na rangi moja na maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu rangi nyingine. Ukisahau kufunga alama ya kunukuu, nusu ya ukurasa hubadilika rangi na kosa likajitangaza lenyewe. Sijui kama kuna msaada mwingine wenye thamani kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Tazama mashine yako kwanza

Kabla ya kuuliza kihariri kipi ni bora, chunguza tarakilishi iliyo mbele yako. Wanafunzi wengi nchini hutumia vipakatalishi vilivyotumika, ambavyo wauzaji wa katikati mwa jiji la Nairobi huviita 'ex-UK'. Ni mashine madhubuti, ila nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 pekee.

Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka huonyesha kiasi cha kumbukumbu kinachotumika na ni programu gani inayokitumia. Iwapo kivinjari pekee kikiwa na kurasa chache kimekwisha kumeza zaidi ya nusu, umepata jibu kuhusu uzito wa kihariri unachoweza kukibeba.

Hapo ndipo tunapofika kwa mkubwa wao. Visual Studio Code, kilichotangazwa na kampuni ya Microsoft mwezi Aprili 2015, ndicho kihariri kinachotumiwa na watu wengi zaidi duniani kwa sasa. Katika utafiti wa kila mwaka wa tovuti ya Stack Overflow, zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu swali hilo mnamo 2023 na 2024 walisema wanakitumia. Hutolewa bila malipo, hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na kina viongezi kwa takriban kila lugha ya programu inayotajika.

Kisichanganywe na Visual Studio, ndugu yake mkubwa, anayekula gigabaiti kadhaa za diski. Majina yanafanana kiasi cha kumfanya mtu apakue asichokusudia, na kwa anayelipia intaneti kwa megabaiti, kosa hilo huuma mfukoni.

Umaarufu huo una faida ya kweli kwa anayeanza: ukikwama, karibu kila tatizo limekwisha kuulizwa na kujibiwa na mtu mwingine. Lakini kihariri hiki kimejengwa juu ya Electron, maana yake ni kwamba hubeba ndani yake injini nzima ya kivinjari cha Chromium. Katika mashine yenye gigabaiti 8 hutalihisi hilo. Katika ile ya gigabaiti 4, kikiwa wazi sambamba na kivinjari na somo la video, utaona kishale kikikufuata kwa kuchelewa.

Isitoshe, kufikia mwisho wa 2023 matoleo yake mapya yalikuwa yameacha kuzikubali Windows 7 na 8, pamoja na Windows za biti 32. Mwenye mashine ya aina hiyo asipoteze bando lake.

Wale wanaokimudu wayajue mambo mawili yanayowatatiza wageni. La kwanza, fungua folda nzima ya kazi yako wala si faili moja pekee, kwa kuwa dirisha la amri lililo ndani ya kihariri huanzia katika folda uliyoifungua. Wengi huambiwa faili haipatikani kwa sababu hiyo tu. La pili, itazame nukta ndogo inayotokea kando ya jina la faili. Nukta hiyo maana yake hujahifadhi. Ukiendesha programu kwa kuandika amri huku nukta ikiwa pale, unaendesha toleo la zamani, na utarekebisha kosa mara kumi usione mabadiliko yoyote.

Kuhusu viongezi, mwanagenzi anahitaji kimoja tu: kile cha lugha anayojifunza. Viongezi huandikwa na watu mbalimbali, wengine wasiojulikana, na vyaweza kufanya katika mashine yako mengi ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyafanya. Kukusanya ishirini kwa sababu vina sura nzuri ni kukaribisha wageni usiowajua chumbani.

Vyepesi visidharauliwe

Kwa mwenye Windows na mashine dhaifu, Notepad++ bado ni chaguo la kuaminika. Kiliundwa na Don Ho, nacho kikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003. Faili yake ya kusakinisha haifikii megabaiti 10, hufunguka papo hapo, hupaka rangi lugha nyingi, na hakidai malipo. Hakiendeshi programu kwa niaba yako, hivyo utalazimika kufungua dirisha la amri mwenyewe. Mimi nahesabu hilo kuwa faida, kwa sababu baada ya juma moja utakuwa umeielewa ile tofauti ya vitu vitatu tuliyoieleza hapo juu, na hutaisahau tena.

Mwenye Linux anacho Geany, kinachokaribiana nacho kwa wepesi na kilicho na kitufe cha kuendesha programu.

Lakini kama lugha ni Python na mwanafunzi ni mtoto wa shule, au mtu mzima asiyewahi kugusa msimbo, ningempendekezea Thonny kabla ya kingine chochote. Kilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza, na huja na Python ndani yake. Unasakinisha mara moja, unaandika, unabofya, kinaendesha.

Uzuri wake hasa uko kwingine. Thonny huweza kuiendesha programu hatua kwa hatua mbele ya macho yako. Chukua programu inayojumlisha bei za bidhaa za duka: unga 150, sukari 180, majani ya chai 60. Pembeni kuna jedwali linaloonyesha kila jina na thamani yake kwa wakati huo. Unabonyeza, jumla inakuwa 150. Unabonyeza tena, inakuwa 330. Tena, 390. Mwanafunzi anayeona namba zikibadilika hivyo huelewa maana ya kurudia kwa mzunguko pasipo mwalimu kuchora ubaoni.

IDLE, kihariri kinachokuja pamoja na Python yenyewe, hakina madoido hayo, ila kipo tayari katika mashine yoyote ya Windows iliyowekewa Python kwa njia ya kawaida. Shule isiyokuwa na intaneti yaweza kufundisha muhula mzima kwa IDLE pekee.

Anayejifunza kutengeneza tovuti ana wepesi wa aina yake. Msomaji wa msimbo wake ni kivinjari, na kivinjari kimo katika kila tarakilishi. Kihariri chochote cha maandishi matupu kitamfaa, mradi kipake rangi. Akibonyeza F12 katika Chrome au Firefox atapata dirisha linalomwonyesha makosa yake ya JavaScript bila ya kusakinisha lolote.

Vim na watoto wa Uganda

Mwanagenzi hatakaa muda mrefu kabla ya kumsikia mtu akijigamba kwamba wataalamu wa kweli hutumia Vim au Emacs. Zote mbili zina mizizi ya mwaka wa 1976. Emacs ilianza katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ikihusishwa zaidi na Richard Stallman. Vi, ambayo ndiyo iliyozaa Vim, iliandikwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Joy alikuwa akifanya kazi kupitia laini ya simu iliyopitisha takriban herufi 30 kwa sekunde. Kuchora upya kiwambo cha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja kungechukua zaidi ya dakika moja. Ndiyo maana amri za Vi ni fupi mno, herufi moja au mbili, na ndiyo maana hazifanani na kitu chochote ambacho mtumiaji wa leo amezoea. Herufi hiyohiyo huandika wakati mmoja na kufuta wakati mwingine, kutegemea hali ambayo kihariri kimo.

Vim yenyewe ilitolewa mwaka wa 1991 na Bram Moolenaar, raia wa Uholanzi. Mnamo 1994 alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja huko Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeathiriwa vibaya na ugonjwa wa Ukimwi, katika kituo cha kuwasaidia watoto. Aliporejea kwao hakuisahau Kibaale. Vim aliitoa bure, ila akawaomba wanaoitumia watoe mchango kwa watoto hao. Kwa miaka mingi, mtu yeyote duniani aliyeifungua Vim pasipo kutaja faili alikaribishwa na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar aliaga dunia mwezi Agosti 2023.

Ni historia ya kuheshimika, lakini si sababu ya kuanzia hapo. Anayejifunza Vim na Python kwa wakati mmoja anajifunza lugha mbili, na kila anapokosea hajui ni ipi aliyoikosea. Kwenye Stack Overflow, swali la namna ya kutoka katika Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja kufikia mwaka wa 2017. Iwapo utajikuta umenaswa humo, bonyeza Esc, uandike :q! kisha ubonyeze Enter. Utatoka bila ya kuhifadhi.

Baadaye, utakapolazimika kurekebisha faili katika tarakilishi iliyo mbali isiyokuwa na kipanya wala madirisha, kuijua Vim au Nano kidogo kutakufaa sana.

Chombo chaweza kufa

Kuna wanaohofia kwamba wakichagua vibaya watakuwa wamejifunga maisha. Yaliyotokea yaonyesha vingine. Mwaka wa 2014, tovuti ya GitHub ilitoa kihariri cha Atom, kikapendwa na wengi. Mwaka wa 2018, Microsoft ikainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, na hivyo vihariri viwili vilivyoshindana vikawa chini ya paa moja. Atom ilifungwa rasmi tarehe 15 Disemba 2022. Brackets, kilichoanzishwa na kampuni ya Adobe, kilikuwa kimeachwa na kampuni hiyo mwaka mmoja kabla, mwezi Septemba 2021.

Waliokuwa wakivitumia hawakupoteza msimbo wao, kwa kuwa msimbo ni maandishi matupu na hufunguka popote. Walichopoteza ni mipangilio, njia za mkato za kibodi na viongezi walivyovikusanya kwa miaka. Anayeanza hana mali hiyo ya kupoteza.

Tofauti kati ya vihariri pia zimepungua. Mwaka wa 2016 Microsoft ilitangaza utaratibu wa pamoja wa mawasiliano kati ya vihariri na programu zinazozifahamu lugha. Zamani kila kihariri kililazimika kufundishwa upya kila lugha. Sasa programu moja inayoifahamu Python yaweza kukihudumia VS Code leo na Vim kesho, ikitoa mapendekezo yaleyale na kuonyesha makosa yaleyale.

Swala ambalo halikuwepo miaka michache iliyopita ni akili unde. GitHub ilianza kuonyesha Copilot mwaka wa 2021, ikaifungulia umma 2022, na mwishoni mwa 2024 ikatoa kiwango cha bure chenye mipaka ndani ya VS Code. Unaandika nusu ya mstari, nayo inakamilisha mistari kumi.

Kwa mtu anayejua anachotaka, huo ni msaada mkubwa. Kwa anayeanza, miezi ya kwanza ni miezi ya kukosea, kusoma ujumbe wa kosa na kurekebisha kwa mkono wake. Mapendekezo yanapotangulia mawazo yake, hupata programu inayofanya kazi ambayo hawezi kuieleza, na katika mtihani au usaili wa kazi hakuna atakayemkamilishia. Katika mipangilio kuna mahali pa kuyazima, nami ningeyazima mpaka mwanafunzi aweze kuandika programu ya kurasa mbili bila kutazama kwingine. Atakapohitaji kuuliza, na aulize kwa maneno kamili baada ya kujaribu.

Jioni moja yatosha

Usitumie juma zima ukisoma ulinganisho. Chagua kihariri kimoja kutokana na mashine yako, ukipakue kutoka katika tovuti ya waundaji wenyewe, na ukipe jioni moja. Andika programu inayouliza jina na kujibu kwa salamu. Ihifadhi, iendeshe. Kisha ikosee makusudi: ondoa alama moja ya kunukuu, uone kihariri kinakuonyesha nini na Python inakuambia nini. Tafuta namna ya kubadilisha neno moja kila linapotokea, na ukubwa wa herufi usioyachosha macho. Ukiweza hayo yote bila kukwama, kaa nacho miezi sita.

Sublime Text, kwa mfano, ni chepesi na cha kasi, nacho huruhusu majaribio bila ya kikomo ingawa leseni yake ni dola 99. Hakuna ubaya kukijaribu baadaye, lakini kwa sasa hakuna unachokosa.

Asiyekuwa na tarakilishi kabisa hajafungiwa mlango. Katika simu ya Android, Pydroid 3 huendesha Python pasipo intaneti baada ya kupakuliwa, na Acode huandikia kurasa za wavuti. Kuandika mabano na nukta mbili kwa kidole gumba huchosha upesi, kwa hivyo wanaoweza huazima kibodi ya kuunganishwa kwa Bluetooth. Mazoezi mafupi ya mistari ishirini au thelathini yanawezekana hata bila hiyo, ndani ya matatu ikiwa kiti kimepatikana.

Anayetumia tarakilishi za maktaba au saiba naye ajizoeze kuweka kazi yake yote katika folda moja na kuinakili kwenye flashi kabla ya kuondoka. Baadhi ya mashine hizo zimewekwa zifute kila kilichoongezwa zinapowashwa upya, na mhudumu wa zamu ya asubuhi hataweza kukirejesha.